Tupeni Rasimu ya Pili

Swali la kwanza katika mtihani wetu wa Uandishi wa Kubuni lilikuwa hili: fafanua dhana ya ubunifu, kisha ueleze sifa sita za mwandishi bora. Nililijibu kwa kurasa tatu. Sifa zote sita nilikuwa nazo kichwani kama tulivyosomewa darasani wiki ya tatu ya muhula, nikazipanga kutoka (a) hadi (f). Sifa ya nne ilisema kwamba mwandishi bora husikiliza kwa makini lugha ya watu anaowaandika. Nilipata A.

Wiki nne kabla ya mtihani huo nilikuwa nimerudishiwa zoezi la kozi hiyohiyo. Tulitakiwa kuandika hadithi ya kurasa mbili kuhusu umuhimu wa elimu. Niliandika habari za mwanamke anayeuza samaki wakavu katika soko la Arua na mwanawe aliyerudi likizo kutoka chuoni Kampala. Mteja anauliza, "Mama, hii samaki bei gani?" Mama anajibu, "Wewe natoa ngapi?" Hivyo ndivyo watu wanavyosema sokoni kwetu. Mama yangu ameuza angara wa Panyimur tangu sijazaliwa, na karo yangu imepatikana kwa mazungumzo kama hayo.

Karatasi ilirudi na duara jekundu kila mahali palipoandikwa "hii samaki", na pembeni neno moja: "huyu". Chini kulikuwa na sentensi mbili: "Hiki ni Kiswahili cha sokoni. Umetoka nje ya mada." Alama zilikuwa 11 kati ya 30.

Kwa hiyo sifa ya nne niliitenda nikaanguka, kisha niliitaja nikafaulu. Nimelifikiria jambo hili mwaka mzima, na sasa naliandika. Si kwa ajili ya kudai alama zangu, maana muhula umepita. Naliandika kwa sababu wengi wetu tunaosoma Kiswahili katika vyuo vya Uganda tutakuwa walimu, na tunafunzwa ubunifu kwa namna ambayo itatufanya tuuzime kwa wanafunzi wetu.

Hoja yangu ni moja. Ubunifu unafundishika, lakini hauingii kwa maelezo. Unaingia pale mwanafunzi anapotengeneza kitu kibovu, akaonyeshwa ubovu wake, kisha akapewa nafasi ya kukitengeneza tena. Vyuo vyetu vimechukua hatua ya kwanza kwa shida, ya pili kwa kalamu nyekundu, na ya tatu vimeifuta kabisa.

Nilipopata karatasi ile nilikwenda ofisini kwa mhadhiri. Ni mtu mpole na anakijua Kiswahili kuliko nitakavyokijua mimi nikisoma miaka kumi. Nikamwambia, "Samahani, Mwalimu, naomba niirudie hadithi hii." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kuirudia vipi? Alama nimeshaziingiza." Mezani kwake kulikuwa na hadithi nyingine 139 kuhusu umuhimu wa elimu. Baadhi nilizisoma baadaye kwa wenzangu. Katika nyingi, kijana anakataa shule, anaingia mjini, anapata taabu, anarudi kijijini akilia kwamba majuto ni mjukuu. Zilikuwa na Kiswahili safi. Hakuna aliyetoka nje ya mada. Na nina hakika mhadhiri wetu alizisoma kwa uchungu, kwa sababu ile ya 5 na ile ya 105 zilikuwa hadithi moja.

Simlaumu yeye peke yake. Ana kozi nne, ana wanafunzi 140 katika hii moja, na ana muhtasari wa kozi uliopitishwa na kamati ambayo haikumwuliza. Lakini tukikubali kwamba hakuna wa kulaumiwa, basi hakuna kitakachobadilika. Na sisi wanafunzi tuna sehemu yetu. Tunapenda maelezo ya kuandikiwa. Mhadhiri akiuliza swali lisilo na jibu moja, mkono wa kwanza kuinuka huuliza, "Mwalimu, hili litakuja kwenye mtihani?" Nimeuinua mkono huo mimi mwenyewe.

Watu wanaotetea hali ilivyo wana hoja nne, na si hoja za kipuuzi. Nitazichukua moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba ubunifu ni kipaji, na kipaji hutolewa na Mungu, si na chuo. Ushahidi unaotolewa mara nyingi ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Alisoma Makerere tangu 1959, akapata shahada yake 1963, wakati ambapo shahada za Makerere zilitolewa na Chuo Kikuu cha London na silabasi ya fasihi ilikuwa ya Waingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyemfundisha kozi ya uandishi wa kubuni. Hata hivyo alitoka na rasimu za riwaya mbili. Basi, wanasema, mwenye kipaji ataandika tu.

Mimi nasoma historia hiyohiyo nikaona jambo tofauti. Idara ya Kiingereza ya Makerere ilikuwa na jarida la wanafunzi lililoitwa Penpoint, lililoanza 1958. Ndani yake Ngũgĩ alichapisha hadithi fupi. Mwaka 1961 Rajat Neogy alianzisha jarida la Transition hapahapa Kampala, nalo likamchapisha. Kwa hadithi hizo chache, mwanafunzi ambaye hakuwa na kitabu hata kimoja aliruhusiwa kuingia katika mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere mwezi Juni 1962. Novemba mwaka huo wanafunzi wa Makerere waliigiza tamthilia yake, The Black Hermit, katika ukumbi wa Taifa wa michezo ya kuigiza, Kampala. Ukumbi huo uko palepale hadi leo, na wengi wetu tunapita mbele yake tukienda kupanda matatu.

Sasa tuhesabu alichopewa kijana yule. Alipewa jarida lenye tarehe ya kutoka. Alipewa wasomaji waliolala vyumba vya jirani na ambao wangemwambia kesho yake kama hadithi imewachosha. Alipewa waigizaji waliosema maneno yake kwa sauti, na jukwaa ambalo mtazamaji akisinzia unamwona. Hayo yote ni mafundisho. Hayakuwa darasani na hayakuwa na mtihani, lakini yalikuwa mafundisho kuliko sifa sita nilizokariri mimi. Anayesema kwamba Ngũgĩ hakufundishwa ubunifu anamaanisha tu kwamba hakusomewa maelezo.

Na tukumbuke pia kwamba mkutano ule wa 1962 ulikuwa wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili, hata angekuwa na rafu nzima ya vitabu, hakuwa na kiti. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962, akiwa ameandika mashairi, insha na hadithi kwa miaka mingi. Mlango ule ulifungwa na wengine. Leo tuna idara za Kiswahili, tuna wahadhiri wenye shahada za uzamivu katika Kiswahili, tuna kozi inayoitwa Uandishi wa Kubuni kwa Kiswahili. Kama ndani ya idara hizo hatuandiki, hatuwezi tena kumlaumu aliyefunga mlango wa zamani.

Dar es Salaam ilionyesha kwamba inawezekana. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia akiwa kijana wa chuo kikuu hapo, na Kinjeketile ikachapishwa 1969. Kezilahabi alitoka chuo hichohicho, na Rosa Mistika ikachapishwa 1971 akiwa bado hajafika miaka thelathini. Sisi husoma vitabu hivyo kama vile viliandikwa na wazee waliozaliwa wakiwa wazee. Hatuambiwi kwamba waandishi walikuwa na umri wetu, au karibu na umri wetu. Tukiambiwa hivyo, huenda mmoja wetu angeuliza: na mimi je?

Hoja ya pili ndiyo ninayoisikia zaidi, na ndiyo inayotuuma sisi wa Uganda kuliko wenzetu wa Mombasa au Unguja. Inasema: kwanza lugha, kisha ubunifu. Mwanafunzi anayekosea ngeli hana haki ya kubuni. Ajifunze sarufi miaka mitatu, akishaisimika ndipo aandike.

Ninaelewa hofu iliyo nyuma ya maneno haya. Kiswahili kwetu kiliitwa lugha ya askari na ya wezi, na watu wazima wengi bado wanakumbuka kilivyosemwa na wanajeshi kwenye vizuizi barabarani. Kwa hiyo idara za Kiswahili zinajitahidi kukionyesha kuwa lugha ya heshima, na heshima wanaitafuta katika usanifu. Wakisikia "hii samaki" wanaona aibu ya miaka yote hiyo ikirudi.

Lakini hebu tutazame kilichotokea kwenye karatasi yangu. Lile duara jekundu lilinifundisha. Tangu siku ile sijakosea upatanisho wa samaki hata mara moja, wakati orodha ya ngeli niliyoikariri mwaka wa kwanza nilikuwa nimeshaisahau kabla ya Krismasi. Kosa lililo ndani ya hadithi ya mama yako haliondoki kichwani. Kwa hiyo hata kwa lengo la sarufi peke yake, kubuni kulifanya kazi kuliko kukariri. Anayetaka wanafunzi wa Uganda wasikosee ngeli angewafanya waandike hadithi kila wiki.

Kisha kuna jambo kubwa zaidi, na sikuliona hadi miezi mingi baadaye. Mhadhiri alikuwa sahihi nusu. Katika hadithi yangu, msimulizi pia alisema "hii samaki", na hapo kweli nilikosea, kwa kuwa msimulizi wangu ni kijana wa chuo. Sikuwa nimeamua chochote. Niliandika tu kama mdomo ulivyozoea. Lakini mama anaposema "hii samaki", hapo si kosa, ndiye yeye. Tofauti ya "hii" ya mama na "huyu" ya mtoto ndiyo hadithi yenyewe. Huyo ni kijana aliyerudi nyumbani na Kiswahili kipya, na akiwa amekaa kwenye kigoda karibu na mama yake, mbele ya wateja, anamsahihisha: "Mama, sema samaki huyu." Nini kinatokea kwenye uso wa mama? Anacheka? Ananyamaza? Anamwambia ahesabu chenji na aache kelele? Hapo ndipo umuhimu wa elimu ulipo, na bei yake pia. Nilitoka nje ya mada kwa sababu sikujua kwamba nilikuwa nimeikalia.

Yale madoa mekundu yangeweza kunifikisha hapo kwa wiki moja, kama mhadhiri angeruhusiwa kuandika chini: "Nani anasema hii, na nani anasema huyu? Rudi ukaamue, uniletee Ijumaa." Somo lilikuwa limeshaanza. Kilichokosekana ni Ijumaa.

Hoja ya tatu inasema ubunifu hauwezi kusahihishwa kwa haki. Sifa sita ni sita: ukitaja tano umepoteza alama moja, na hakuna mgogoro. Lakini hadithi? Huyu ataipenda, yule ataichukia, mwanafunzi atakata rufaa, na mtahini wa nje atauliza maswali.

Ningependa wanaosema hivi watembelee shule ya sanaa ya Makerere, inayobeba jina la Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha uchoraji huko 1937. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba kutoka Kenya. Yeye ndiye aliyetengeneza sanamu ya Uhuru ya 1962 iliyosimama katikati ya Kampala, yule mama aliyefungwa vitambaa vya kamba mwilini huku akimwinua mtoto juu. Mwanafunzi wa uchongaji haombwi ataje sifa sita za mchongaji bora kisha apewe shahada. Anaombwa alete sanamu. Mwanafunzi wa usanifu majengo huleta michoro, na wa muziki hupiga. Kazi zao husahihishwa na watu, kwa vigezo vinavyojulikana, na vyuo havijaanguka. Ni sisi tu wa lugha tunaodhani kwamba kazi ya maneno haipimiki, ilhali kila wiki tunapima kazi za maneno za watu waliokufa.

Tena kuna njia ya kupima iliyo ya haki kuliko sifa sita. Mpime mwanafunzi kwa umbali kati ya rasimu yake ya kwanza na ya pili. Amekata nini? Ameongeza nini? Anaweza kueleza kwa nini? Mwenye kipaji aliyeleta kazi nzuri mara ya kwanza na asiigeuze hata nukta atapata alama zake, lakini hatapita kwa uvivu. Asiye na kipaji aliyeanza na kijana wa kukataa shule, kisha akamgeuza kuwa jirani yake halisi mwenye jina na mguu unaochechemea, atalipwa kwa kazi aliyoifanya. Na mkaguzi akija, karatasi zote mbili zipo, atalinganisha mwenyewe.

Hoja ya nne ni ya idadi. Tuko 140, mhadhiri ni mmoja. Atasoma rasimu 280?

Hapana. Tuhesabu vizuri. Wanafunzi 140 ni vikundi 20 vya watu saba. Kila wiki mwanafunzi mmoja wa kila kikundi analeta kurasa mbili, wenzake sita wanazisoma kabla ya kipindi na kumwambia walipochoka, walipochanganyikiwa na walipotaka zaidi. Mhadhiri anasoma hizo 20 tu kwa wiki. Kwa wiki saba kila mmoja wetu amesomwa na mwalimu mara moja na na wenzake sita, na muhula bado una wiki za kutosha kwa rasimu ya pili. Muda utoke wapi? Utoke kwenye kusomewa maelezo. Katika kozi ile tulitumia saa mbili kila wiki tukiandika alichosoma mhadhiri kutoka kwenye karatasi. Karatasi hiyo ingeweza kutolewa nakala siku ya kwanza, kwa bei ya chapati mbili kwa kila mwanafunzi.

Njia hii haikutoka ng'ambo. Washairi wa pwani hawakujifunza utunzi kwa kusomewa sifa za malenga. Walijifunza kwa kujibizana. Mmoja hutoa fumbo kwa vina vyake, mwingine hulijibu kwa vina vilevile, na jibu baya huchekwa hadharani. Kurasa za mashairi magazetini zimeendeleza mtindo huo kwa miongo mingi. Sisi tunafundishwa malumbano hayo kama historia. Tunafundishwa pia ugomvi mkubwa uliozuka miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru, Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi 1974 bila kufuata vina na mizani, na wengine wakasema hayo si mashairi ya Kiswahili. Mtihani hutuuliza: jadili hoja za wanajadi na za wanausasa. Nasi tunaandika safu mbili, hoja tano kushoto, hoja tano kulia. Sijawahi kuombwa nichukue jambo moja, tuseme mvua iliyoharibu samaki wa mama kabla hawajakauka, nilitunge kwa vina na mizani nane kwa nane, kisha nilitunge bila hivyo, kisha niseme nilipoteza nini na nilipata nini kila mara. Ningefanya hivyo mara moja tu ningejua ugomvi ule ulihusu nini. Kwa sasa najua tu nani alikuwa upande gani.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike kwa ukali.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza nchini Uganda mwaka 2020. Unataka mwanafunzi atende, achunguze na atengeneze. Kiswahili kimewekwa kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Asilimia 20 ya alama za mwisho hutoka katika kazi anazofanya shuleni, si katika mtihani wa taifa. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe shule za msingi na sekondari. Maana yake ni kwamba walimu wa Kiswahili watahitajika kwa wingi, na watatakiwa kufundisha kwa kutengeneza. Walimu hao ni sisi.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha nilipangiwa kidato cha pili, wanafunzi zaidi ya 60. Kitabu kilinitaka niwafanye waandike mazungumzo ya watu wawili mahali wanapopajua. Nikaandika kichwa cha zoezi ubaoni. Darasa likanyamaza. Kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele akainuka, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, jibu liko wapi?" Nikamwambia halina jibu moja. Akabaki amesimama. "Basi, Mwalimu, tuandike nini?"

Sikuwa na la kumwambia. Katika miaka yangu yote ya chuo hakuna aliyewahi kunionyesha mtu anaanzaje. Nilijua kufafanua mazungumzo, aina zake, dhima zake na sifa zake. Kwa hiyo nilifanya nilichokijua: niligeuka ubaoni nikaandika mfano, mazungumzo ya muuzaji na mnunuzi. Kesho yake nilikusanya daftari zaidi ya 60 zenye mfano wangu, majina yakiwa yamebadilishwa. Nikazisahihisha. Nilizungushia duara makosa ya ngeli kwa kalamu nyekundu. Nikazirudisha.

Msichana yule alipata alama nzuri. Hakuwa amekosea kitu. Katika daftari lake kulikuwa na sokwe mdogo wa mwalimu wake na hakuna chochote chake mwenyewe, na mimi ndiye niliyeweka alama ya vema. Kama chuo kitaendelea kama kilivyo, yeye naye akiwa mwalimu atafanya vilevile, na tutaendelea kuandika kwenye ripoti kwamba mtaala umelenga ubunifu.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na naomba kwa heshima, lakini bila kupunguza hata moja.

Kwanza, hakuna kozi yenye neno ubunifu au utunzi ndani ya jina lake iwe na mtihani wa kueleza ubunifu. Mwanafunzi alete jalada la kazi zake, rasimu zote zikiwemo. Anayetaka nadharia aiweke katika kozi ya nadharia.

Pili, alama ya rasimu ya kwanza isiingizwe kwenye mfumo. Iandikwe kwa penseli. Itakayoingizwa iwe ya rasimu ya pili.

Tatu, mada ziwe za mahali na watu, si za kaulimbiu. "Umuhimu wa elimu" ni mada ya bango. Mwanafunzi akipewa mada hiyo ataandika bango. Mpe "mtu aliyekulipia karo siku ya kwanza" uone kama hadithi 140 zitafanana.

Nne, kila mhadhiri wa kozi ya utunzi alete darasani, angalau mara moja kwa muhula, ukurasa wake mwenyewe ambao haujakamilika, auweke mbele yetu, tumwambie unapolegea. Najua hili ni gumu. Ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu utamaduni wetu haumtaki mkubwa akosee mbele ya wadogo. Lakini msichana wa mstari wa mbele hakuhitaji mwalimu asiyekosea. Alihitaji kumwona mtu mzima akianza sentensi, akaifuta, akaanza tena. Kama ningekuwa nimeliona hilo hata mara moja chuoni, ningeweza kulifanya ubaoni siku ile.

Kwenu wanafunzi wenzangu, tusingoje kamati. Watu saba wanaweza kukaa chini ya mwembe Jumamosi kwa kurasa mbili. Sisi tumeanza, tuko watano, na wiki tatu za kwanza tulikuwa tukisifiana tu kwa kuogopana. Wiki ya nne mmoja alisema, "Hapa nilisinzia," na tangu hapo tumekuwa kikundi.

Hadithi yangu iko katika rasimu ya nne sasa. Mama bado anasema "hii samaki". Mtoto bado anasema "huyu". Likizo iliyopita nilimsomea mama yangu, yeye akiwa anapanga angara kwenye karai. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia mtoto yule wa hadithi ana maneno mengi na hajashika hata samaki mmoja tangu alipokaa.

Ni kweli. Nimeliona, nitalirekebisha katika rasimu ya tano.